Mayai ya Padre

Wamboi hakuwahi kusema kwamba mwanawe anasomea upadre. Hilo alikuwa tayari kuliapia mbele ya yeyote, amesimama au amepiga magoti. Kosa lake lilikuwa kunyamaza, tena alinyamaza akiwa na trei ya mayai mikononi, na mtu mwenye trei ya mayai mikononi hana nafasi ya kubishana na watu.

Ilikuwa hivi. Mwas, mwanawe wa pekee, alipoitwa chuo kikuu kule karibu na Kahawa Wendani, wanawake wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika ya Makongeni, Thika, walikuja nyumbani kumpongeza. Dorine, katibu wa jumuiya, mwanamke wa Kakamega mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akauliza kijana anaenda kusomea nini. Wamboi akajibu kwa sauti ndogo kuwa ni philosophy, maana yeye mwenyewe alikuwa bado hajajua hicho kitu huuzwa wapi. Dorine akaruka kutoka kitini.

"Philosophy! Si hiyo ndiyo mapadre huanza nayo? Binamu yangu Father Absalom alianza na hiyo hiyo! Kwanza philosophy, halafu theology, halafu wanamlaza chini mbele ya askofu, imeisha!"

Vigelegele vikapaa mpaka kwa jirani. Wamboi akafungua mdomo aseme la, sivyo. Mtu akamwekea mayai mikononi. Akaufunga.

Sasa Mwas alikuwa mwaka wa tatu, na mayai yalikuwa hayajakoma. Kila mwisho wa mwezi yalikuja, ya kuimarisha ubongo wa padre wetu. Wamboi alifanywa mwenyekiti wa jumuiya bila kupingwa. Pale kibandani anaposhona sare za shule, hakuna aliyemwita tena jina lake. Alikuwa Mama Padre, na wateja walimlipa bila kuvutana sana. Chini ya cherehani aliweka sanduku lenye kitambaa cheupe kilichonunuliwa na wanawake hao kwa ajili ya kanzu ya siku ile kubwa. Mwas alipofuga rasta, jumuiya ilishtuka, na Wamboi akajikuta akisema, "Ni nadhiri. Kama Samsoni." Huo, kusema kweli, ulikuwa uongo, ila ulikuwa mdogo na ulikuwa na Biblia ndani.

Mumewe Ephantus, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya kuudhi.

"Siku moja huyo padre wako ataleta bibi hapa, na mtoto mgongoni," alimwambia.

"Wewe nyamaza."

"Mimi nimenyamaza. Hii nyumba yote imenyamaza."

Mwas mwenyewe hakupenda. Alisema mara moja, akasema mara ya pili, kisha akamwachia mama yake mambo yake. Upinzani wake ukabaki mmoja tu: tangu kidato cha tatu hakufunga macho kwa sala ya mtu. Wengine wakiinamisha vichwa mezani, yeye alitazama sukuma wiki kama anayeingoja ijieleze.

*

Mwaka huo chuo kilizua jambo jipya. Wanafunzi wa falsafa walitakiwa kupitisha likizo ndefu maofisini. Siku nne za juma wafanye kazi kama watu wengine, siku ya tano warudi darasani kwa Daktari Mutinda wajadili waliyoyaona, na mwishoni waandike insha juu ya swali moja: kazi njema ni ipi? Bosi wa ofisi atie sahihi na muhuri kuthibitisha kwamba mwanafunzi alifanya kazi kweli. Bila muhuri, mwaka unarudiwa.

Wenzake walipata benki, wengine bima. Mwas alipata Kiota cha Neema, kampuni ya kuuza ploti, mjini Ruiru, ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa za ng'ombe. Bosi aliitwa Wainaina, bwana wa suti ya buluu na viatu vilivyochongoka, asiyeweza kumaliza sentensi bila kumtaja Mungu.

"Philosophy ni ya kufanya nini?" Wainaina alimuuliza siku ya kwanza.

"Ni ya kuuliza maswali, sir."

"Hapa customer ndiye huuliza maswali. Wewe utapika chai. Na hiyo nywele itoke."

Rasta zikatoka. Wanawake wa jumuiya walipomwona na kipara Jumapili hiyo, akipita nje ya kanisa kwenda kununua gazeti, walishikana mikono. "Amenyolewa! Ameingia daraja!" Wamboi akatazama viatu vyake.

Kijana alipika chai, akafanya photocopy, akapokea simu na kupiga alizotumwa kupiga. Jioni aliandika kurasa mbili nzima juu ya kama mpika chai ana sehemu katika yale yanayoamuliwa na wanywaji. Alikuwa na furaha yake ya kimya kimya, na ingeendelea hivyo kama si Dorine.

Wanawake wa Mtakatifu Monika walikuwa na chama, na chama kilikuwa na akiba ya miaka, iliyotokana na nyanya, mandazi na nguo za watu walizofua kwa mikono. Ndoto yao ilikuwa shamba. Waliposikia Mwas yuko ofisi ya ploti, walisema huu ni mkono wa Mungu, wakamtuma Dorine Ruiru. Dorine alipanda zile ngazi, akafungua mlango na kuita kwa sauti yake ile:

"Brother Mwas! Tumsifu Yesu Kristo!"

Wainaina alitoka ofisini kwake na kikombe mkononi. "Brother?"

"Kwani hujui uko na nani? Huyu ni padre wetu! Amebakisha kidogo tu."

Wainaina alimtazama Mwas kama mtu aliyegundua kwamba kuku wake hutaga mara mbili kwa siku. Kuanzia hapo Mwas hakupika chai tena. Alipewa koti jeusi na kiti kando ya mlango, ambapo kila mteja aliyeingia angemwona kwanza. Na Wainaina akamwahidi Dorine ziara ya bure ya kuona shamba kule Ngoliba, Jumamosi, jumuiya nzima, na pilau juu.

*

Alhamisi jioni Mwas alifika nyumbani, akakaa, na hakugusa chakula.

"Mum, Jumamosi mnaenda Ngoliba."

"Tunaenda. Dorine amesema kuna pilau."

"Hakuna maji huko."

"Si kuna borehole, kisima cha kuchimbwa na mashine? Dorine ameonyeshwa picha, maji inatoka kwa mfereji kama ile ya mto Chania."

"Mum, mimi ndiye hupigia bauza ya maji simu. Kila Alhamisi. Ijumaa lori inakuja inajaza tangi, Jumamosi customer wanafungua mfereji, wanapiga picha, wanalipa. Borehole ni mfuniko tu. Umekalishwa juu ya mchanga."

Wamboi aliweka mwiko chini. Aliwaza nyanya za yule, mandazi ya yule. Akamwaza Cucu Wanja, mjane, mkongwe wa jumuiya yote, aliyekwisha kusema kwamba yeye anataka kipande cha kona apande viazi vitamu.

"Na bosi anataka mimi ndiye nifungue na maombi," Mwas akaendelea. "Brother Mwas. Nisimame karibu na mfereji."

"Si ukatae."

"Nikikataa nitaulizwa kwa nini. Nitasema mimi si brother. Halafu wewe?"

Hiyo "halafu wewe" ilimwingia Wamboi pale pasipo na nyama.

"Nikisema maji ni ya bauza, muhuri imeenda," Mwas akasema. "Sawa, nitarudia mwaka. Lakini kuna kitu nataka kujua, mum. Mtu akijua jambo, na anyamaze, na wengine waumie juu ya hiyo kimya yake, huyo amedanganya ama hajadanganya?"

"Unaniuliza mimi ama unauliza Wainaina?"

"Ni ya insha."

"Basi hiyo insha yako iache mambo ya watu!"

Ephantus, aliyekuwa ameegemea redio kwenye kona, akapunguza sauti. "Jibu, Wamboi. Mwalimu amekuuliza swali."

Wamboi aliuchukua mwiko tena. Alimwambia Mwas asiseme kitu, wala kwa Dorine wala kwa mtu. Hao walikuwa wanawake wake yeye. Kesho angekwenda kwa Dorine amweleze yote, pole pole, wao wawili tu. Muungwana husemezwa pembeni. Mwas akamtazama kwa macho yale yale anayotazamia sukuma wiki, kisha akala.

*

Ijumaa Wamboi alifunga kibanda mapema, akamkuta Dorine akikanda unga wa chapati. Njia nzima alikuwa amejifunza la kusema. Dorine hakumpa nafasi hata ya kukaa vizuri.

"Mama Padre! Unajua jana nimelala nikisema, Mungu ni mkubwa. Hizi kampuni za ploti zote ni wezi. Wezi! Lakini hii iko na mtu wa Mungu ndani. Kama kungekuwa na kitu mbaya, si Mwas angetuambia?"

"Dorine, kuna kitu nataka kukuambia."

"Sema, mama."

"Hii philosophy..."

"Eeh?"

Wamboi aliiona sura ya Dorine, imejaa unga na imani. Alikumbuka jinsi mwanamke huyu alivyokesha naye hospitali Ephantus alipoungua mkono. Akaona jinsi sura hiyo itakavyobadilika, na roho ikamteleza.

"Ni ngumu," akasema.

"Woi! Maskini mtoto! Si nilikuona tu ukiingia nikajua kuna kitu. Ngoja hapo."

Dorine alinawa mikono, akaingia chumbani na kutoka na trei ya mayai ya kienyeji. Wamboi alirudi nayo nyumbani akitamani ajikwae. Ephantus alikuwa mlangoni. Aliyaona mayai, akajua yote, akasogea ampishe.

"Chemsha mbili," alisema. "Angalau uongo ikiwa na chumvi."

*

Ngoliba kulikuwa na jua lisilojua kuomba ruhusa. Ardhi ilikuwa ya changarawe, migunga michache imesimama mbalimbali, na vijiwe vya mipaka vimepakwa chokaa vikang'aa kama meno. Katikati palikuwa na hema, viti vya plastiki, sufuria za pilau chini ya kivuli, na tangi la kijani lenye mfereji mpya. Kando yake palisimamishwa jembe lililofungwa utepe mwekundu, la wateja kupigia picha.

Wanawake wa Mtakatifu Monika walikuja wote, wamefunga vilemba vya rangi moja. Walifungua mfereji, maji yakatoka, wakapiga vigelegele, wakanawa nyuso. Cucu Wanja peke yake hakupiga kigelegele. Aliokota udongo, akausugua kwa vidole na kuutupa. Ephantus alikuwa amekuja pia, kwa sababu ya pilau, alivyosema.

Mwas alikuwa kando ya mfereji ndani ya koti jeusi, jasho linamtoka kiparani. Dorine alishika mkoba wenye vitabu vya chama kifuani kama mtoto mchanga. Baada ya chakula watu walipaswa kuweka sahihi.

"Wapendwa," Wainaina akaanza, "Mungu aliumba ardhi mara moja tu. Haongezi. Na maji mmejionea, hiyo ni baraka ya chini kabisa ya mwamba. Lakini sisi hatuanzi kitu bila yeye. Brother Mwas, karibu utufungulie na neno la maombi."

Mwas akasogea hatua moja. Akamtazama mama yake. Wamboi aliona mdomo wa mwanawe ukianza kufunguka, akajua kitakachotoka ni ukweli wote, tena ule mkavu wa darasani, na kwamba ukitoka kwa huyo, Wainaina angesema kijana amechanganyikiwa na vitabu, na wanawake wangebaki hawajui wamwamini nani. Aliona na kitu kingine. Kijana alikuwa anamngoja.

"Subiri," Wamboi akasema, akasimama. "Mimi ndiye mwenyekiti. Nitaomba mimi."

"Amina! Mama mzazi mwenyewe!" Wainaina akapiga makofi. "Karibu, mum."

Wamboi hakuwa amepanga hivyo. Lakini lipo jambo ambalo watu wa Thika na Ruiru, hata wenye dharau, hawafanyi, nalo ni kumkatiza mtu anayeomba. Mwenye sala anaweza kuunguza ugali wa watu, anaweza kuchelewesha maziko. Wote watainamisha vichwa na kungoja. Hasemi nao. Anasema na Mungu, na wao wanasikia tu kwa vile wako karibu.

"Tuombe," akasema. Vichwa vikainama. "Baba wetu, wewe uliyeumba mbingu na nchi, na hii Ngoliba pia. Asante kwa safari. Asante kwa pilau ambayo tunasikia harufu."

"Amina," wanawake wakaitikia.

"Sasa Baba, wewe unanijua. Unajua nimekalia kiti cha jumuiya yako na kitu kwa roho. Unajua Mwas hasomei upadre."

Mtu akakohoa. Hakuna aliyeinua kichwa, maana sala ilikuwa haijaisha.

"Hajawahi kusomea, Bwana. Anasomea kuuliza maswali. Ile ya padre Dorine ndiye alisema, ulimsikia, lakini usimhesabie, yeye alifurahi tu. Mimi nilikuwa na mdomo na sikuutumia. Mimi ndiye nimekula mayai. Na ile ya Samsoni, Baba, hiyo uifute kabisa."

"Amina!" Wainaina akasema kwa nguvu. "Amina, amina, asante sana mama—"

"Bado, Bwana," Wamboi akasema, akiyafumba macho zaidi. "Kuna mtu hapa anataka kukuharakisha."

Mahali fulani nyuma ya hema Ephantus alitoa sauti kama ya mtu aliyepaliwa.

"Tena Baba, nakuombea yule dereva wa bauza. Umlinde. Kila Ijumaa anatoka mbali akileta maji ya kujaza hii tangi ya kijani, na barabara ni mbaya. Akikosa kuja wiki moja tu, huu mfereji utakauka, na watu watajua hiyo borehole ni mfuniko umekalia mchanga. Mpe tairi nzuri, Bwana."

Nzi alisikika akizunguka pilau.

"Umbariki Bwana Wainaina, anayetaja jina lako kila saa. Umjalie siku moja alitaje akiwa anakuogopa. Na hizi pesa za hawa wanawake, unajua ni za kufua nguo za watu mpaka vidole vinapasuka. Usiziache zikakauke hapa."

Alidhani amemaliza, kumbe bado.

"Na Mwas, Baba. Nilimwonea aibu. Hajaiba, hajalewa, hajampatia msichana wa watu mimba, kama ninavyojua. Kosa yake ni kufikiria. Mimi nikaona hiyo ni kitu ya kufichwa. Nikamvalisha kanzu ambayo hakuomba, ndio niitwe Mama Padre sokoni. Mtoto wangu mmoja tu, nikaona hatoshi hivyo alivyo. Nisamehe. Na yeye pia, kama atataka, anisamehe. Ni hayo tu. Kwa jina la Yesu."

Alifungua macho kabla ya wengine. Aliona vilemba vyote vimeinama, aliona Wainaina amesimama mdomo wazi. Kisha akamwona Mwas. Kijana alikuwa amefunga macho, ameyafinya kabisa, kama mtoto anayechomwa sindano.

Cucu Wanja ndiye aliyesema amina, peke yake, kisha akainuka na fimbo yake na kumwendea Wainaina.

"Kijana, hii tangi maji inaingia kupitia wapi?"

"Bomba iko chini ya ardhi, cucu."

"Chini wapi?"

"Chini tu, cucu. Nyuma hapo."

Cucu Wanja akaacha fimbo, akachukua jembe la picha, akaung'oa utepe na kuanza kuchimba nyuma ya tangi. Alikuwa amelima maisha yake yote na mkono haukuwa umesahau. Wanawake wakamzunguka. Alichimba mtaro kutoka upande mmoja wa tangi mpaka wa pili, na kilichotoka kilikuwa changarawe, changarawe na mzizi mmoja. Wakati huo Ephantus alikwenda kwenye mfuniko wa borehole, akausukuma kwa mguu. Uliteleza kama sahani.

"Haiya," akasema Cucu Wanja, akafuta kijasho. "Hata viazi vitakufa hapa."

Dorine alifunga zipu ya mkoba. Hakumtazama Wamboi. Alikwenda kwenye sufuria, akachukua sahani na kuanza kupakua. "Pilau haijakosea mtu," alisema kwa hewa, na wanawake wakapanga foleni.

Wainaina alimkuta Mwas akivua lile koti jeusi.

"Muhuri," alimwambia kwa meno, "utaenda kutafuta kwa askofu."

*

Jumuiya ilikutana Alhamisi iliyofuata, nyumbani kwa Wamboi, kama ilivyokuwa zamu. Alidhani hawatakuja. Walikuja wote, na hakuna aliyemwamkia kwa mkono. Hilo lilimuuma kuliko matusi. Alipitisha chai, wakaipokea wakitazama vikombe.

Dorine alianza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimeombea huyo mtoto kila novena. Nimeambia mpaka watu wa nyumbani, Kakamega. Nguo ya kuvaa siku ya upadrisho nilishanunua, iko kwa kabati. Sasa niambie, Wamboi. Ijumaa ile ulikuja kwangu, nikakuambia sema. Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema," Wamboi akajibu. "Ukaenda kuchukua mayai."

Dorine alikaza midomo. Alijitahidi, Mungu anamwona. Kisha bega likamtingishika, na la pili, kikombe kikamwaga chai kwenye gauni lote, na kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha kuku wa jirani. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, hata Wamboi, ingawa yeye alikuwa analia vilevile.

Lakini kicheko si msamaha, na Cucu Wanja alihakikisha hilo limeeleweka. Wamboi aliondolewa uenyekiti papo hapo. Kitambaa cheupe cha kanzu akishone nguo za komunyo za watoto wote wa jumuiya, bila malipo. Mtu akauliza kuhusu mayai, kama yalipwe.

"Yai halirudi kwa kuku," Cucu Wanja akasema. "Hiyo tuachie Mungu. Na wewe kijana, masomo itakuwaje?"

Mwas alikuwa kwenye kona ya baba yake, kando ya redio. "Nitarudia mwaka, cucu. Sina muhuri ya kazi."

"Muhuri tu?"

"Muhuri na sahihi ya bosi wa ofisi."

Dorine alifuta macho. Akavuta mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso, akakifungua mezani. Ulikuwa muhuri wa mpira, na kijibweta cha wino wa zambarau.

"Na hii ni ya kuchoma mahindi? Chama yetu imesajiliwa."

"Inataka ofisi, auntie," Mwas akasema.

"Ofisi ni hii handbag. Lakini sikupigii muhuri bure, usifikirie. Wiki zilizobaki utatufanyia kazi. Utatutafutia shamba, na kila mwenye kuuza utamkalisha chini umuulize hayo maswali yako mpaka atoe jasho. Ukituletea shamba ya maji ya bauza, mimi na wewe!"

"Na chai?" Ephantus akauliza.

"Chai pia atapika."

Daktari Mutinda alipoelezwa kwa simu alisema hiyo ofisi atakuja kuiona kwa macho yake, na akauliza kama kutakuwa na chapati.

*

Juma lile Wamboi alitoa kitambaa cheupe sandukuni na kukata magauni madogo madogo kibandani. Mwas alikaa naye, akitoa nyuzi za pindo kabla ya kwenda Juja kuhoji mwenye shamba. Watu walipita. "Mama Padre! Padre hajambo?" walimwita, wakichekelea, na Wamboi akajibu hajambo, maana ingekuwa hivyo kwa muda, na alijua ameyataka.

Alishona gauni zima. Kisha akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Mwas. Siku ile, nikiomba. Nilifungua macho nikaona wewe umefunga zako."

"Eeh."

"Ulikuwa unaomba?"

Mwas alivuta uzi, akauzungusha kidoleni. Aliona aibu, akacheka kidogo.

"Hapana, mum. Nilikuwa naogopa utasema amina mapema."